Alama inayoitika kabla ya mwenyewe: tathmini ya tiki za buluu za WhatsApp

Katika nyumba niliyolelewa mjini Tanga, kuitwa kulikuwa na kanuni yake. Mtu mzima akilitaja jina lako kutoka uani, jambo la kwanza lililotakiwa kwako halikuwa kwenda wala kujibu, bali kutoa sauti. Msichana alisema "Abee", mvulana alisema "Naam", na babu yetu, aliyeshika adabu za zamani kuliko sisi sote, alipoitwa na kaka yake mkubwa alisema "Labeka" ingawa naye alikuwa na wajukuu. Sauti hiyo haikuwa jibu la swali, kwa kuwa swali lilikuwa halijaulizwa bado, wala haikuwa ahadi kwamba utatenda utakaloambiwa. Ilimjulisha anayeita kwamba umemsikia, kwamba upo, na kwamba umetambua kuwa ni wewe unayeitwa. Ungeweza kuitika huku mikono ikiwa ndani ya beseni la nguo, ukatokea baada ya dakika kumi, na hakuna ambaye angekulaumu. Lakini ukitokea mara moja, mbio mbio, pasipo kuitika, ungeulizwa ulimi umeuacha wapi.

Naanza na abee kwa sababu bidhaa ninayoitathmini hapa imejitwalia kazi yake. Namaanisha zile tiki mbili za buluu zinazotokea pembeni mwa ujumbe wa WhatsApp pindi aliyeandikiwa anapoufungua. Programu yenyewe ilianzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, ikanunuliwa na Facebook mwaka 2014 kwa mapatano ya takriban dola bilioni 19 za Marekani, na Novemba ya mwaka huohuo ndipo rangi ya buluu ilipoingia. Watu walilalamika kwa nguvu, na haikuchukua muda mrefu kabla ya kuwekwa njia ya kuizima. Mimi nimeitumia ikiwa imewashwa kwa miaka mingi, na tangu Ramadhani iliyopita nimeizima. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya mtu aliyekaa pande zote mbili za pazia.

Kwa wasiowahi kuzichunguza, ni vema kueleza zinavyofanya kazi. Tiki moja ya kijivu maana yake ujumbe umeondoka kwenye simu yako. Tiki mbili za kijivu maana yake umefika kwenye simu ya mwenzako. Zikigeuka buluu, mazungumzo yenu yamefunguliwa upande wa pili. Katika kundi, tiki ya pili haitokei mpaka ujumbe uwafikie wanakundi wote, na buluu haiji mpaka wote wafungue, ila ukiubonyeza ujumbe wako kwa muda na kuangalia taarifa zake, utaletewa orodha ya majina: hawa wamesoma, hawa wamefikiwa tu. Mwenye kuchoshwa na hali hiyo huingia sehemu ya faragha katika mipangilio akazima, lakini kwa sharti kwamba naye hataona tena tiki za buluu za wengine. Sharti hilo nalisifu bila kusita, kwani lina haki ndani yake. Hata hivyo kuzima huko hakufiki kwenye makundi wala kwenye ujumbe wa sauti. Huko utaonekana upende usipende, na jambo hilo nitalirudia.

Tiki iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile moja ya kijivu ambayo watu huiogopa. Kwetu sisi tunaonunua bando la siku au la wiki, tiki moja inasema ukweli mdogo na hauzidishi: ujumbe haujafika. Pengine bando limekwisha, pengine umeme umekatika tangu asubuhi na simu imezima chaji, pengine mwenzako yuko shambani ambako mtandao hupatikana kwa kupanda kichuguu. Yapo pia mashaka kwamba umezuiwa, lakini hayo huwa ni ya mwisho katika orodha. Mtu akiona tiki moja husema "hana bando huyo", akaendelea na shughuli zake, na katika kauli hiyo mna heshima kwa mwenzake, kwa sababu amemtafutia udhuru kabla ya kumtafutia kosa. Ikifika buluu, udhuru wote huo hufutwa kwa mara moja, na hapo ndipo mgogoro wangu na alama hii unapoanza.

Nilifundisha darasa la tano kwa miaka kadhaa, na katika lugha ya darasani alama hiyo ya tiki huitwa vema. Mwanafunzi hupewa vema kwa kupata jibu. Hakuna mwalimu ninayemfahamu aliyewahi kumpa mtoto vema kwa sababu tu amefungua daftari. WhatsApp imefanya hivyo: inaweka vema, tena mbili, tena za rangi, kwa tendo la kufungua, na kwa kuwa sisi tumezoea tangu utotoni kwamba vema ni malipo ya kazi iliyofanyika, tunaamini kwamba mwenzetu ameshasoma, ameelewa, amepima, na sasa ameamua kunyamaza. Kumbe huenda simu imefunguliwa na mtoto anayetafuta katuni. Huenda mwenyewe aliifungua akiwa amesimama kwenye daladala, akaona mistari miwili ya kwanza, kondakta akadai nauli, na ujumbe ukaishia hapo. Kwa upande mwingine, yule aliyeusoma ujumbe wako wote neno kwa neno kupitia arifa zinazoshuka juu ya kioo cha simu, bila kuyafungua mazungumzo, hahesabiwi kuwa amesoma. Kwa hiyo alama inamshitaki asiyesoma na kumwachia huru aliyesoma, na bado tunaitumia kama ushahidi.

Watu wamejitungia msamiati mzima kuzunguka jambo hili. Dar es Salaam mtu husema "amenichunia" au "amekula buyu", na mpwa wangu aliye Nairobi hulifanya jina la tiki za buluu kuwa kitenzi kabisa, kana kwamba ni kitendo mtu anachomtendea mwenzake kwa kukusudia. Kisarufi wamepatia, kwa maana ya kwamba kunyamaza kwa aliyekusikia ni tendo. Babu hakuhitaji rangi ili kujua hilo. Lakini tendo linahitaji mtendaji, na tiki haina mtendaji, inatokea yenyewe. Abee hutoka kinywani mwa mtu aliyeamua kuitoa, na ndiyo maana inapokosekana, kukosekana kwake kuna maana. Tiki ya buluu ni kama kubisha hodi mlangoni kwa mtu, ukaliona pazia la dirisha linatikisika, kisha kimya. Hujakaribishwa wala hujaambiwa subiri, na wala hujui kama ni mwenyeji au ni upepo. Unachobaki nacho ni ule mtikisiko wa pazia, nao unauma kuliko nyumba ambayo kwa dhahiri haina mtu.

Adabu ya hodi, kwa bahati nzuri, ilikuwa imelifikiria jambo hili kabla ya simu. Hodi hupigwa mara tatu. Usipoitikiwa, unaondoka, na kuondoka huko hakuna uchungu, kwa sababu mwenye nyumba ana haki ya kutofungua. Hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia. Nikiitazama tiki ya buluu kwa kipimo hicho, naona kwamba imemnyang'anya mwenye nyumba haki yake ya kuwa ndani bila kuonekana, na wakati huohuo imemnyang'anya mgeni utulivu wa kuondoka akiamini hakuna mtu. Wote wawili wamepoteza kitu.

Nilipata kuuona ubaya wa alama hii kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wetu, kundi lilikuwa na watu 58, na zilibaki siku tisa ukumbi ulipwe. Mweka hazina aliweka tangazo la kukumbusha ahadi saa kumi jioni. Hadi saa tatu usiku walikuwa wamejibu watu saba. Akanipigia akaniomba nimtolee orodha. Nami, kwa kuwa tangazo lilikuwa limetumwa kwa kutumia simu yangu, nililibonyeza, nikapata majina 41 ya waliosoma, nikayaandika moja baada ya jingine, na tukayabandika kundini chini ya maneno "Wafuatao mmeona, tunaomba mrejesho". Niliridhika sana usiku ule. Nilijiona mtendaji hodari.

Mmoja wa wale 41 alikuwa binamu yetu ambaye kwa siku ya tatu alikuwa wodini akimuuguza mama yake, na simu alikuwa amemwachia mwanawe wa miaka saba ili atulie. Asubuhi alituma ahadi yake yote, shilingi laki mbili, bila neno, kisha akatoka kundini. Tangu mwaka 2022 mtu anaweza kutoka bila kundi zima kutangaziwa, isipokuwa viongozi wa kundi. Na kiongozi wa kundi nilikuwa mimi, kwa hiyo ni mimi peke yangu niliyemwona akiondoka. Nilipokwenda kumtaka radhi hakuzungumzia fedha hata kidogo. Aliniuliza tu, "Dada, ulishindwa kunipigia?" Sikuwa na jibu, maana simu ya dakika moja ingenigharimu kidogo kuliko muda nilioutumia kuandika majina 41.

Upo upande wa pili wa jambo hili, na nisiuzungumzie nitakuwa nimemdhulumu msomaji. Wapo wanaosema kwamba tiki zimewasaidia, na sikatai. Mama anayeishi Muscat na watoto wake wako Pemba, anapotuma ujumbe usiku wa mvua kubwa na kuona umegeuka buluu, anapata usingizi hata kama hakujibiwa. Muuguzi anayemtumia ndugu wa mgonjwa muda wa kumfuata anahitaji kujua kama ujumbe umefunguliwa. Katika hali hizo tiki inafanya kazi ya bipu za zamani, wakati vocha ilipokuwa ghali na tulipokuwa tukikubaliana kwamba bipu moja ni "nimefika salama" na bipu mbili ni "nipigie". Tofauti ni kwamba bipu alipiga mtu. Alishika simu, akatafuta jina lako, akasubiri ilie mara moja, akakata. Haikuwa na neno hata moja ndani yake, na bado ilikuwa itikio kamili, pengine ndiyo itikio la bei nafuu kuliko yote yaliyowahi kubuniwa Afrika Mashariki, nami sijui kwa nini hatukuisifu ipasavyo ilipokuwa hai.

Na anayeita naye ana adabu yake. Babu hakumwita mtu aliyekuwa kwenye swala, na akimkuta anakula alisubiri. Mkuu wa kazi anayemwandikia mfanyakazi wake saa nne usiku, akaona buluu, kisha asubuhi akamwambia "niliona umesoma", ameitumia tiki kama kamba. Ufaransa ilitunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2017, inayozitaka kampuni zenye wafanyakazi wasiopungua 50 zijadiliane nao kuhusu haki ya kutosumbuliwa na mawasiliano ya kazi nje ya saa za kazi. Kwetu jambo hilo limeachiwa busara ya mkuu mwenyewe, na busara za wakuu tunazijua.

Tukiingia katika salamu, hali inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu salamu ya Kiswahili haina nusu. Shikamoo inangoja marahaba; bila marahaba inaning'inia hewani, na aliyeitoa anabaki ameinama. Kijana aliyeandika "Shkm" kwa herufi nne (nimekwisha kuacha kugombana na herufi hizo) akaona buluu bila marahaba, ameachwa katika hali hiyo, na sisi wakubwa tunaolalamika kwamba vijana hawasalimii tungeanza kwa kuhesabu ni marahaba ngapi tunazodaiwa. Wapo nao wanaotuma "Habari za asubuhi" peke yake, wakasubiri ijibiwe ndipo wataje shida. Ana kwa ana huo ni uungwana. Kwenye simu inakuwa ni kumsimamisha mtu mlangoni, kwa sababu anayejibu "Nzuri" saa tatu ataletewa shida yenyewe saa saba. Mimi nimezoea kuandika salamu na shida katika ujumbe mmoja, salamu ikiwa mbele na ikiwa kamili, na sijaona aliyekwazika.

Kwenye makundi, tatizo la salamu lina ufumbuzi ambao mafundi wa simu hawakuubuni. Aya ya 86 ya Surat An-Nisaa inaamrisha anayeamkiwa aitikie kwa yaliyo bora zaidi au arudishe kama alivyoamkiwa, na wanazuoni wakaeleza kwamba kuanza salamu ni sunna na kuijibu ni wajibu, ila ikielekezwa kwa kundi la watu, mmoja wao akijibu amewatolea wote. Kundi letu la ukoo lina watu zaidi ya mia moja. Mtu akiandika "Asalaam aleikum, wakubwa shikamooni" saa kumi na mbili asubuhi, hadi saa mbili kuna itikio sabini, na tangazo la msiba lililowekwa katikati yake limefukiwa chini ya marahaba. Kanuni ile ya mmoja kutolea wengine ingetutosha. Inaonyesha kwamba waliotutangulia walijua tofauti ya kumtambua mtu na kumfukia kwa kutambua, jambo ambalo hakuna rangi ya tiki inayoweza kulionyesha.

Mwaka 2022 yaliongezwa maitikio ya emoji, ambayo mtu huyaweka kwa kuubonyeza ujumbe. Yalianza yakiwa sita, yakiwemo dole gumba, moyo na viganja viwili vilivyokutana. Nililipokea jambo hili kwa furaha, na bado naliona kuwa ndilo lililoikaribia abee kuliko mengine yote ndani ya programu hiyo, kwa kuwa ni mtu mwenyewe anayechagua na kugusa, na kwa kuwa halijifanyi jibu. Viganja viwili hasa vimekubalika kwetu kwa wepesi wa ajabu, vikibeba asante, pole, naomba na inshallah kwa pamoja. Dole gumba ndilo lenye matatizo. Katika kundi la mtaa wetu uliwekwa ujumbe kwamba jirani amefariki na maziko ni baada ya swala ya alasiri, na ndani ya dakika chache dole gumba likawa limesimama chini ya jina la marehemu mara tisa. Najua waliyaweka kwa nia ya kusema "taarifa nimeipata, nitafika". Mjane wake aliyaona. Mzee mmoja akaandika kwa utulivu, "Ndugu zangu, hili si la kupongezana", na yakaanza kuondolewa moja moja, kimya kimya, kama watu wanaovua viatu baada ya kuingia navyo msikitini.

Utata huohuo ulifika hadi mahakamani nchini Kanada. Katika jimbo la Saskatchewan, mwaka 2023, mkulima aliyetumiwa picha ya mkataba wa kuuza zao la kitani alijibu kwa dole gumba peke yake. Zao halikupelekwa, akashitakiwa. Alijitetea kwamba dole lilikuwa na maana ya "nimeupokea". Mahakama ikaona kwamba, kwa mazoea ya mikataba yao iliyotangulia, lilikuwa na maana ya "nimekubali", akaamriwa alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Nilipolisoma shauri hilo nilimkumbuka tena babu, kwa maana bwana yule alidhani ameitika, kumbe wenzake walihesabu kwamba amejibu.

Kuhusu maitikio ya mashine kwa niaba ya biashara sitasema mengi. WhatsApp Business, iliyotoka Januari 2018, inamwezesha mwenye duka kuandaa salamu inayojituma yenyewe mteja anapoandika kwa mara ya kwanza. Niliulizia pazia kwa duka moja la Kariakoo. Kabla sijaiweka simu chini nikapokea "Karibu sana mpendwa mteja, tunakuthamini, tupo kwa ajili yako", pamoja na ua. Bei ya pazia niliipata siku ya nne, nami nilikwisha kununua kwingine, kwa mama mmoja ambaye salamu yake ya kwanza iliandikwa "subri kdogo nna mteja". Maneno yale yana makosa matatu ya tahajia kwa hesabu yangu ya ualimu, nami ningeyapa vema zote mbili.

Nilipozizima tiki zangu, wiki ya kwanza nilijihisi nimejifunika shuka. Nilisoma kwa wakati wangu, nikajibu kwa wakati wangu. Wiki ya pili niligundua kitu ambacho sikukitarajia: nilikuwa najibu vizuri zaidi na kwa haraka zaidi kuliko mwanzo. Zamani, nikishaufungua ujumbe bila kuwa na nafasi ya kuujibu, aibu ya buluu ilinifanya niuache kabisa, maana kujibu baada ya saa sita kulihitaji maelezo, na maelezo yalihitaji nafasi kuliko jibu lenyewe, hadi siku tatu zikapita na deni likawa uadui. Bila tiki, deni halikuandikwa popote isipokuwa moyoni mwangu, na nikajikuta naandika "Nimeipata, nitakujibu jioni", maneno matatu ambayo miaka yote ile nilimwachia rangi ayaseme. Hasara ilikuwepo pia. Mwanangu yuko bweni la chuo Mwanza, na usiku mmoja alipochelewa kunijibu niliitamani ile buluu kama dawa. Nilimpigia. Alikuwa amelala.

Mwenye kutafuta mbadala ajue kwamba Telegram ina tiki moja ya kutumwa na mbili za kusomwa, pasipo ile hatua ya katikati ya kufika kwenye simu, na kwa hiyo inamnyima mtu hata ule udhuru wa bando ninaoupenda. Signal inaruhusu kuzima kwa masharti yaleyale ya kupoteza unachokinyima. Ujumbe mfupi wa kawaida wa simu bado upo, bado haumchungulii mtu, na bado unafika kwa asiye na bando. Kwa habari nzito mimi huutumia huo, kisha napiga. Nikitakiwa kutoa alama kwa kalamu nyekundu kama nilivyozoea, tiki moja ya kijivu ingepata zote, mbili za kijivu zingepata zote, na za buluu ningezipa tatu kati ya kumi, mbili kati ya hizo zikiwa za yule mama wa Muscat.

Limebaki suala la ujumbe wa sauti, ambao haukubali kuzimwa. Huduma hiyo ilikuja mwaka 2013, na kwa shangazi yangu, ambaye macho yake hayasomi tena maandishi madogo, hiyo ndiyo WhatsApp yote. Kila baada ya siku mbili hutuma sauti ya dakika nne, tatu za kwanza zikiwa ni salamu: mimi, baba watoto, watoto kwa majina yao, mguu wa jirani yangu aliyevunjika mwaka juzi, na mbuzi. Mwaka 2021 kikaongezwa kitufe cha kuisikiliza sauti kwa kasi ya mara moja na nusu au mara mbili. Nakiri hapa kwamba kwa muda mrefu nilimsikiliza shangazi kwa kasi ya mara mbili, akiniulizia mguu wa jirani kama mtangazaji wa mpira. Upande wake alichoona ni kipaza sauti kidogo kikigeuka buluu, na mjukuu wake alikuwa amemfundisha maana yake.

Kwa hiyo leo, katika simu yangu yote, ukiacha makundi, ni shangazi pekee anayeweza kujua kama nimemsikia. Juzi nilikuwa sokoni Tegeta, mikono imebeba samaki, sauti yake ikaingia. Niliifungua kwa kasi ya kawaida, nikaisikiliza hadi kwa mbuzi, kisha nikakibonyeza kipaza changu na kusema neno moja, "Abee shangazi", nikaachia. Lilichukua sekunde mbili. Baada ya muda ikaja sauti yake fupi kuliko zote nilizowahi kupokea kwake: "Haya, maliza soko lako kwanza. Na huyo samaki usinunue kama jicho limeingia ndani."